Wachekeshaji wa Mbwembwe: Barua Zenu Kuhusu Runinga ya Miaka ya 70

Katika toleo lililopita niliandika sentensi mbili tu, nikipita njia, kuhusu wachekeshaji wa runinga wa miaka ya 70 waliotamba kwa mavazi ya kumeremeta, mwendo wa madaha na sauti ya kupanda na kushuka, kisha nikaendelea na mambo mengine. Sikujua kwamba nimetia kijiti katika mzinga. Barua zimetoka kwa watu waliosoma ng'ambo katika miaka hiyo wakarudi Nairobi na vyeti pamoja na misemo ya runinga, na zimetoka pia kwa wale ambao utoto wao wote ulipita Eastlands, mbele ya kioo cha rangi ya kijivu katika nyumba ya jirani. Nimechagua saba, nikazifupisha bila kugusa maana, na majina ya wenyewe nimeyahifadhi.

Swali: Nilikwenda London mwaka 1973 kusomea uuguzi, nikakaa huko miaka sita. Katika sebule ya bweni letu tulikuwa tukitazama kipindi cha duka kubwa la nguo, ambamo muuzaji mmoja mwembamba, tepu ya fundi ikining'inia shingoni, alijitokeza kwa hatua fupi fupi na kutangaza kwa sauti nyembamba kwamba yuko tayari kuhudumia. Sista wa wodi alipotuita, sisi tulimjibu kama yule bwana, na siku moja nilikaripiwa kwa ajili hiyo. Wajukuu wangu wanasema nimejitungia. Alikuwa nani, na je, ndivyo alivyokuwa hata nje ya runinga?
Muuguzi mstaafu, Nairobi West

Jibu: Mama, wajukuu wako wanapaswa kukuomba radhi. Huyo alikuwa John Inman, na mhusika wake aliitwa Bwana Humphries, muuzaji wa nguo za kiume katika duka la kubuni la Grace Brothers. Kipindi chenyewe ni Are You Being Served? cha BBC, kilichoandikwa na Jeremy Lloyd na David Croft. Lloyd alikuwa na haki ya kuandika habari za duka, kwa kuwa katika ujana wake aliwahi kuwa muuzaji katika duka la Simpsons huko Piccadilly. Na Inman naye, mzaliwa wa Preston wa mwaka 1935, alifika London akiwa kijana wa miaka 17 kufanya kazi ya kupamba madirisha ya duka la nguo la Austin Reed. Kwa hiyo ule wepesi wa kuichomoa tepu, na ile hamu yake ya kupima mguu wa suruali kwa upande wa ndani, vilitungwa na kuigizwa na watu walioyajua maduka ya namna hiyo kutoka ndani, pamoja na adha ya kusimama kutwa nzima ukimsubiri mteja asiyekuja.

Kipindi hicho kilikaribia kutoonekana kabisa. BBC walirekodi kipande cha majaribio wakakiweka kabatini, na hatimaye kikaonyeshwa Septemba 1972 kwa sababu ya msiba: wanamichezo wa Israeli waliposhambuliwa na kuuawa katika Michezo ya Olimpiki ya Munich, matangazo ya michezo yalikatizwa, na ratiba ikabaki na pengo lililohitaji kuzibwa haraka. Katika kipande hicho Inman alikuwa na maneno machache tu. Croft alisimulia baadaye kwamba mkubwa mmoja wa BBC alitaka mhusika huyo aondolewe kabla mfululizo haujaanza, naye akakataa katakata, akishikilia kwamba bila mtu huyo hakuna kipindi. Kuanzia hapo hadi mwaka 1985 vikatengenezwa vipindi 69, na mwaka 1976 Inman akatawazwa kuwa mtu mashuhuri wa mwaka wa runinga ya BBC.

Ule msemo wake kwa Kiingereza ni maneno mawili tu, na kwa Kiswahili ningeufasiri kuwa "Nina nafasi!", ingawa tafsiri hiyo inamwaga nusu ya utamu. Msimamizi wa ghorofa, Kapteni Peacock, alikuwa akiuliza kwa ukakamavu wa kijeshi kama Bwana Humphries ana nafasi. Naye Humphries, ambaye mara nyingi hakuwa na mteja hata wa dawa, alitupa jicho huku, akatupa jicho kule, kana kwamba anahesabu foleni, ndipo akajibu kwa sauti iliyoruka ghafla hadi darini. Kicheko kimo katika ule ukimya mfupi wa kutazama huku na kule. Ukimwonyesha mjukuu wako msemo huo ukausahau ukimya wake, atakutazama tu kwa huruma.

Kuhusu maisha yake nje ya runinga, mlango huo aliufunga kwa miaka mingi, na nadhani alikuwa na haki ya kuufunga. Jukwaani alipenda kuigiza akina mama wa vichekesho katika michezo ambayo Waingereza huandaa msimu wa Krismasi. Desemba 2005, sheria ya Uingereza iliporuhusu, alifunga ubia wa kiraia na Ron Lynch, mwenzi wake wa miaka zaidi ya 30, na akafariki Machi 2007.

Swali: Nilikuwa mwanafunzi wa uhandisi Marekani kati ya 1974 na 1978, na mpaka leo nawachanganya wanaume watatu wa runinga. Mmoja alikaa ndani ya kisanduku katikati ya wenzake akiongea kama mtu anayecheka kwa pua. Mwingine alivaa miwani mikubwa na kofia ya nahodha, kiko mdomoni. Wa tatu alirusha vikaratasi kama mtu aliyepagawa. Au alikuwa mtu mmoja aliyebadilisha mavazi?
Mhandisi mstaafu, Lang'ata

Jibu: Ni watatu, mzee wetu, na kila mmoja angeudhika sana kusikia amechanganywa na wenzake.

Wa kisanduku alikuwa Paul Lynde, mzaliwa wa Mount Vernon, Ohio, mwaka 1926. Kipindi kiliitwa The Hollywood Squares. Watu mashuhuri tisa walipangwa katika visanduku, vitatu vitatu kwa ghorofa tatu, na washindani wawili walicheza ule mchezo ambao watoto wetu huuchora mchangani, wa kuwania kuweka alama tatu katika mstari mmoja. Mshindani alichagua kisanduku, mtu mashuhuri aliyekuwemo akaulizwa swali na kulijibu, na mshindani akasema kama anaafiki jibu hilo au analipinga. Wewe ni mhandisi, utaona mara moja siri ya jambo hili: kisanduku cha katikati kimo katika mistari minne kati ya minane inayowezekana, kwa hiyo aliyekaa hapo ndiye aliyeitwa mara kwa mara kuliko wote. Hapo ndipo Lynde alipokalishwa kuanzia mwaka 1968 na kukaa kwa zaidi ya miaka kumi. Mwendeshaji alisoma swali kwa uzito wa karani wa mahakama. Lynde akakunja uso, akaburuta silabi ya kwanza, akatoa jibu la mzaha, ukumbi ukaanguka kwa kicheko, kisha akatoa jibu lake la mwisho.

Mizaha ile haikuwa ya papo kwa papo. Waandishi waliitunga mapema na wahusika wakapewa, na hakuna aliyedanganywa, kwa kuwa uamuzi wa ushindi ulikuwa wa mshindani. Nalitaja jambo hili kwa sababu watu wengi wakilijua huvunjika moyo, na mimi sioni kwa nini. Mizaha kama hiyo ilitungiwa wengi waliokalia visanduku vile, lakini tunayemkumbuka ni Lynde. Alipopewa kipindi chake mwenyewe, The Paul Lynde Show, mwaka 1972, hakikuvuka msimu mmoja. Pilipili hupendwa katika mchuzi. Ukiwaandalia watu sahani nzima ya pilipili, wataondoka mezani. Alifariki Januari 1982.

Wa kiko na kofia alikuwa Charles Nelson Reilly, wa kipindi cha Match Game kilichorejea hewani mwaka 1973 kupitia CBS. Kazi yake ilikuwa kujaza neno lililokosekana katika sentensi, na kazi yake halisi ilikuwa kuchokozana na Brett Somers, jirani yake wa kiti, kama wapangaji wawili wanaochangia bomba moja la maji. Ukimtazama utadhani ni mtu aliyeokotwa karamuni akakalishwa pale na vitambaa vyake vya shingoni. Ukweli ni kwamba mwaka 1962 alikuwa ameshinda Tuzo ya Tony kwa uigizaji wa jukwaani, alifundisha uigizaji New York, na mwaka 1976, katikati ya vichekesho hivyo, aliongoza mchezo wa The Belle of Amherst, ambamo Julie Harris alisimama jukwaani peke yake mwanzo hadi mwisho kama mshairi Emily Dickinson. Mimi nilipolijua hilo nilirudi kumtazama upya, nikaona jinsi anavyojua kuyasubiri maneno ya mwenzake yafike mwisho wake. Huyo ni mwalimu kazini.

Wa vikaratasi ni Rip Taylor. Alikuwa akifanya vichekesho katika kipindi cha Merv Griffin, mizaha ikagoma kuchekesha, naye kwa hasira akaichana kadi aliyoandikia mizaha hiyo akairusha hewani. Ukumbi ukacheka kwa mara ya kwanza usiku huo, na tangu hapo hakupanda jukwaani bila ndoo ya vipande vya karatasi za rangi. Alifariki mwaka 2019.

Swali: Baba yangu alikuwa baharia wa meli za mizigo. Mwaka 1972 alituletea jarida la Marekani lenye picha ya mchekeshaji Mweusi kwenye jalada, akatueleza kwamba bwana huyo huvaa gauni na Wamarekani wote humcheka. Tulidhani baba anatania. Je, yupo mtu kama huyo?
Msomaji wa Eastleigh

Jibu: Baba hakutania. Jarida hilo lilikuwa Time la Januari mwaka huo, na mchekeshaji ni Flip Wilson, ambaye The Flip Wilson Show yake ilirushwa na NBC kuanzia 1970 hadi 1974. Alizaliwa Jersey City mwaka 1933 katika familia maskini yenye watoto wengi, na jina la Flip alilipata alipokuwa katika jeshi la anga. Vipindi vya namna hiyo kwa kawaida vilijaa mapambo na wachezaji ngoma, lakini yeye alisimama kwenye jukwaa dogo la mviringo, watazamaji wakimzunguka pande zote kama wanavyozunguka wacheza sarakasi kiwanjani.

Aliyevaa gauni aliitwa Geraldine Jones. Sketi yake ilikuwa fupi, rangi zake kali, na mchumba wake, ambaye hakuna aliyewahi kumwona, aliitwa Killer, jina ambalo lenyewe lilitosha kumrudisha nyuma mwanamume yeyote aliyejaribu kumzoea. Misemo yake miwili ilienea nchi nzima: mmoja wa kumsingizia shetani kila alipofanya alichotaka mwenyewe, na mwingine wa kuwaambia watu kwamba wanachokiona ndicho watakachopata, ambao mafundi wa kompyuta waliuchukua baadaye kuelezea programu zinazoonyesha ukurasa kwenye kioo kama utakavyochapwa. Kuna jambo moja ninalompendea Geraldine kuliko wahusika wengi wa kiume waliovaa gauni. Wengi wao huchekesha kwa kuwa wabaya wa sura na wapumbavu. Geraldine alijiona mzuri, hakumwogopa tajiri wala msomi, na aliyeaibishwa mwisho wa mchezo alikuwa yule aliyedhani atamchezea.

Swali: Nimesoma safu yako na nimeudhika. Unawasifu watu wa London na Hollywood kana kwamba sisi hatukuwa na wetu. Mzee Pembe umemweka wapi? Kipanga je? Mama Tofi? Au mpaka mtu avae gauni la kumeremeta ndipo umwite mchekeshaji?
Mzaliwa wa Jericho, Nairobi

Jibu: Shutuma nimeipokea, na kwa kuwa nami nimelelewa mitaa hiyo hiyo, nitaijibu kwa urefu kidogo.

Televisheni ilianza hapa Kenya mwaka 1962, na miaka miwili baadaye shirika likawa la serikali, likaitwa Sauti ya Kenya. Katika miaka ya 70 runinga ilikuwa kitu cha nyumba moja katika mlolongo mzima wa nyumba. Kwetu ilikuwa ya jirani mmoja aliyefanya kazi reli: kabati la mbao lenye miguu minne, juu yake kitambaa cheupe cha kufuma, na mlango wa kusukuma pembeni ambao mwenye nyumba aliufunga kwa ufunguo akienda kazini. Watoto tulikaa sakafuni kwa masharti mawili, kwamba miguu imeoshwa na kwamba hakuna atakayeuliza chakula. Picha ikitetemeka, kijana mkubwa alipanda kuigeuza antena huku akiuliza kutoka juu ya paa kama imeshika, nasi wote kwa pamoja tukimpigia kelele arudishe ilipokuwa.

Mzee Pembe, ambaye jina lake hasa lilikuwa Omari Suleiman, tulimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura, kwa kuwa yeye na wenzake walisikika pia redioni. Hilo si jambo dogo. Sauti iliyozoea redio haitegemei kuonekana. Imejifunza kuchora uso, mavazi na hata mwendo kwa maneno peke yake. Mzee Pembe alipofika kwenye kioo, mbwembwe zake zilikuwa mdomoni: neno moja alilipindua mara tatu, kila mara likiwa na maana mpya, na alipokwisha kulipindua alinyamaza kana kwamba yeye ndiye asiyeelewa tunachekea nini. Hakuna vito vya kumeremeta vinavyoweza kufanya kazi hiyo. Kipanga alijua kupokea, jambo ambalo ni gumu kuliko kutoa, na Mama Tofi aliweza kuingia katikati ya ubishi wa wanaume wawili na kuumaliza kwa neno moja.

Sasa nirudi kwenye gauni la kumeremeta. Sisi tuliokulia mbele ya kioo cha kijivu hatukuona rangi ya kitu chochote, kiwe koti, kanga au wigi. Kilichotufikia kilikuwa sauti, mikono, nyusi na mwendo. Ndiyo sababu siku hizi nikiwatazama wale wa London na Marekani hujaribu kuiondoa rangi kwanza, na mtihani huo haujaniangusha bado: Inman anabaki, Lynde anabaki, Geraldine anabaki. Kuna wengine, sitawataja, ambao ukiwavua rangi unabaki na mtu anayepiga kelele.

Mzee Ojwang' uliyemtaja pembezoni mwa barua yako alitamba zaidi baada ya muongo huo, katika kipindi cha Vitimbi, akiwa na Mama Kayai. Hata hivyo anastahili neno moja hapa. Benson Wanjau hakuwa Mjaluo, lakini lafudhi aliyoiigiza iliwafanya wengi waape kwamba wanajua kijiji anakotoka, na alipofariki Julai 2015 wengine ndipo walipolijua jina lake halisi. Nao wa Vioja Mahakamani, kipindi cha vichekesho vya kortini, walikuwa na mtihani wa aina yake, kwa sababu kizimba humficha mshtakiwa kuanzia kifuani kwenda chini. Mchekeshaji aliyefungiwa humo hana mwendo wala mavazi ya kujishaua. Ana uso na sauti tu, na wamelifanya hilo kwa miongo.

Swali: Mbona hukukitaja kipindi cha Mind Your Language, ambacho kila mwalimu wa Nairobi anakijua?
Mwalimu, Kariokor

Jibu: Kwa sababu hakuna mtu wa mbwembwe ndani yake, mwalimu. Kipindi hicho cha 1977 hadi 1979, kilichoandikwa na Vince Powell, kinategemea makosa ya lugha ya darasa zima la wageni, na mwalimu wao, aliyeigizwa na Barry Evans, ndiye mtulivu kuliko wote. Kilisimamishwa na Michael Grade, aliyekuwa mkurugenzi wa vipindi wa kituo, kwa kuona kwamba kinawadhihaki wageni. Kwamba wageni wenyewe, kuanzia sisi, tulikipenda kupita kiasi ni mjadala unaohitaji safu yake.

Swali: Nimewatazama watu hawa kwenye simu ya binti yangu. Nilicheka, kisha nikajiuliza: je, haikuwa kuwafanya wanaume wa namna hiyo kuwa kitu cha kuchekwa? Na wao wenyewe walijisikiaje?
Mama wa watoto watatu, South B

Jibu: Swali lako liliulizwa tangu wakati ule, na walioliuliza kwa sauti kubwa ni wale uliowataja. Katika Uingereza na Wales sheria iliyowaadhibu wanaume kwa mapenzi yao ya faragha ilikuwa imelegezwa mwaka 1967 tu, na chama kimoja kilichopigania haki zao kiliandamana kumpinga Inman kikisema anawachora kama vikaragosi. Inman alijibu kwamba Bwana Humphries ni kijana wa mama tu, na kweli maandishi ya kipindi hayakuwahi kutamka zaidi ya hilo; anaishi na mama yake, anamtaja kila mara, basi. Sidhani jibu hilo liliwaridhisha waandamanaji, na sidhani lilikusudiwa kuwaridhisha.

Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na haki, ila ningekuomba utazame nani hasa anaaibishwa katika duka la Grace Brothers. Kapteni Peacock anaumbuka kwa majivuno yake, wazee wa kaunta wanaumbuka kwa usingizi na vyeo, wateja kwa ubahili. Humphries huingia amechelewa na kisingizio cha ajabu, na hutoka hajaguswa. Mtazamaji wa kijiji cha Yorkshire aliyekuwa hajawahi kumkaribisha mtu wa namna hiyo mezani alimkaribisha sebuleni kila juma kwa hiari yake.

Tena, mtazame Larry Grayson, ambaye hakuna barua iliyomtaja, nami nasikitika. Alizaliwa Banbury mwaka 1923, akalelewa Nuneaton na familia isiyo yake, akaanza jukwaani akiwa mtoto na kuzunguka katika kumbi ndogo ndogo kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya runinga kumpa kipindi mwaka 1972. Mavazi yake yalikuwa suti ya kawaida na chombo chake kilikuwa kiti kimoja cha mbao. Alikiegemea, akalalamika kuhusu upepo unaopenya mlangoni, maumivu ya mgongo na vumbi la ukumbi, kisha akaanza kusengenya marafiki ambao hatukuwaona kamwe: Everard, Slack Alice, na tarishi mmoja mwenye jina ambalo siwezi kulifasiri katika jarida la familia. Mwaka 1978 alikabidhiwa The Generation Game, kipindi kikubwa cha Jumamosi jioni, na akina bibi wakampenda kama mwana wao. Hilo la jinsi walivyojisikia, wengi wao hawakusema hadharani. Lynde na Reilly walifanya kazi katika Marekani ambayo neno moja la wazi lingeweza kuwafungia mlango wa studio, kwa hiyo waliyasema mengi kwa nyusi.

Swali: Mwaka 1975 nilipanga chumba Leeds kwa bibi mmoja mwenye runinga isiyo na rangi. Katika kipindi hicho hicho cha duka kulikuwa na mama mnene wa idara ya nguo za kike. Kila alipoingia, watazamaji wa studio walicheka kabla hajafungua mdomo, na mimi na mwenye nyumba tulitazamana bila kujua kinachochekesha. Nimelibeba swali hili kwa miaka hamsini. Walikuwa wanacheka nini?
Mstaafu, Buruburu

Jibu: Walikuwa wanacheka nywele zake, ndugu yangu. Huyo ni Bi Slocombe, aliyeigizwa na Mollie Sugden, na juma moja nywele zilikuwa za waridi, juma lingine zambarau, mara buluu, mara kijani, mara rangi ya chungwa, naye akizitembeza kana kwamba hakuna jambo. Nyinyi Leeds mliona kijivu kikifuata kijivu. Jiulize basi kwa nini mliendelea kukitazama kipindi hicho ilhali mzaha mkubwa wa kila juma ulikuwa ukiwapita. Nadhani ni kwa sababu ya ile sauti yake ya mama wa makamo anayejilazimisha Kiingereza cha mabwanyenye, kisha hasira zikipanda Kiingereza hicho kinamtoka na lafudhi ya kwao inarudi.

Hata kipande kile cha majaribio cha mwaka 1972 kilikuwa kimesalia bila rangi, katika nakala ya filamu nyeusi na nyeupe, hadi mwaka 2009 mafundi walipovitumia vidoti vidogo sana ambavyo ishara ya rangi ilikuwa imeviacha juu ya picha yenyewe, wakavisoma kwa kompyuta na kuzirudisha rangi zilizokuwapo studioni. Na ili barua yako isikae miaka mingine hamsini ikidai maelezo: mwanzoni Sugden alipaka rangi nywele zake mwenyewe, mpaka dawa zilipoanza kuziharibu, ndipo akaanza kuvaa wigi.